Kabla ya Kununua Dawa ya Uso

Miongoni mwa maswali ambayo wanawake, na siku hizi wanaume pia, huulizana harusini, safarini na barazani jioni, hakuna lililo jepesi kutamkwa na gumu kujibiwa kama hili la mafuta gani yafaayo uso. Aulizwaye hulitaja jina la kopo alilo nalo nyumbani. Aulizaye hulikariri jina hilo mpaka dukani. Fedha hutoka, kopo huingia mkobani, na baada ya mwezi mmoja uso aghalabu huwa vile vile ulivyokuwa au umezidi kuharibika. Hapo lawama hupewa kopo au rafiki, ilhali kasoro ilikuwa katika mpango wa kununua: jina lilitangulia, bei ikafuata, na shida ya ngozi yenyewe ikaachwa nyuma kabisa bila kutambuliwa. Ushauri wangu ni kuupindua mpango huo, ili shida itangulie, kiambato kifuate, na bei iwe ya mwisho kupimwa. Kwani mnunuzi aliyekwisha kujua anatafuta nini kwa ajili ya shida gani hadanganywi kwa urahisi na kopo lenye picha nzuri, wala haoni haya kununua kitu cha bei ndogo kilicho bora mbele ya macho ya watu.

Atakaye kuijua ngozi yake na aoshe uso jioni kwa sabuni laini, aukaushe bila kuusugua, kisha akae kadiri ya saa moja pasipo kupaka chochote. Paji na pua vikitoa mafuta ilhali mashavu yametulia, ngozi yake ni ya mchanganyiko, kama walivyo wengi wetu. Uso wote ukimetameta, ni ya mafuta. Ukikakamaa na kuvuta anapocheka, ni kavu. Na ukichonyota kwa karibu kila kitu apakacho, ni ngozi nyepesi kuudhika, nayo yahitaji vitu vichache kuliko zote. Baada ya tabia ya ngozi huja shida yenyewe, na hiyo hutazamwa mchana karibu na dirisha, wala si usiku chini ya taa. Chunusi ni vipele vyenye vichwa vyeupe au vyeusi, pamoja na vile vilivyovimba vyenye maumivu na usaha. Madoa ya chunusi ni alama bapa, nyeusi au za kahawia, zilizobaki pale kipele kilipokuwa. Ukizipapasa kwa kidole hutahisi kitu. Makovu ni vishimo au vinundu, na hayo, asikudanganye mtu, hayaondolewi na krimu. Mabaka ya kahawia yaliyolingana mashavu yote mawili, yakapanda mpaka pajini na juu ya mdomo, ambayo mara nyingi huanza wakati wa mimba au wa kutumia vidonge vya uzazi wa mpango, ni maradhi mengine yaitwayo melasma. Duara linalowasha, lenye kingo zilizoinuka na katikati pamepoa, aghalabu ni choa, na dawa yake ni ya fangasi. Ama baka lililopauka ambalo halisikii mguso wala joto, hilo halitakiwi kabisa katika duka la vipodozi: yaweza kuwa dalili ya ukoma, maradhi ambayo dawa yake hutolewa bure hospitalini nayo huponya, na kadiri mgonjwa anavyowahi ndivyo anavyosalimika na ulemavu.

Nitakaa zaidi katika chunusi na madoa yake, kwa kuwa huko ndiko nionako fedha nyingi za watu wetu zikipotea, na huko ndiko yaanziako madhara makubwa nitakayoyaeleza baadaye. Chunusi huanza ndani ya tundu la nywele, ambamo mafuta ya ngozi na seli zilizokufa hushikamana na kuziba njia. Bakteria waishio humo huongezeka, mwili hupambana nao, na pambano hilo ndilo uvimbe na usaha tunaouona. Homoni za ujana, za hedhi na za mimba huchochea mafuta hayo, na ndiyo maana mtu msafi kabisa, aoshaye uso asubuhi na jioni, anaweza kusumbuliwa na chunusi kuliko jirani yake asiyejali. Basi wazazi wawaambiao vijana wao kwamba vipele ni uchafu huwaongezea majonzi bila haki, na huwasukuma kusugua uso kwa dodoki mpaka ukachubuka.

Sasa kuna jambo moja juu ya ngozi nyeusi ambalo lau lingejulikana na kila mnunuzi, nusu ya makopo yauzwayo mijini yangebaki rafuni. Idadi ya seli zitengenezazo rangi hukaribiana kwa wanadamu wote, weusi na weupe. Tofauti ni kwamba seli zetu hutengeneza chembe za rangi nyingi zaidi na kubwa zaidi, na kila ziudhiwapo, iwe kwa uvimbe, kwa mkwaruzo, kwa kucha iliyominya kipele au kwa dawa iliyounguza, hujibu kwa kumwaga rangi zaidi mahali pale pale. Doa, kwa hiyo, ni athari ya ghadhabu ya ngozi, na matokeo mawili hufuata. La kwanza ni kwamba kutibu madoa huku chunusi zikiendelea kuota ni sawa na kufua maji chomboni bila kuziba tundu. La pili, ambalo ni zito zaidi, ni kwamba dawa kali inunuliwayo ili kufuta doa upesi yaweza kuiudhi ngozi kiasi cha kuzaa doa jingine jeusi kuliko la kwanza, na mwenye uso, asijue yaliyomfika, huongeza dawa. Mimi huamini kwamba katika ngozi zetu upole ndio nguvu ya tiba, na kwamba krimu inayochonyota haithibitishi kwamba inafanya kazi. Inathibitisha kwamba inaudhi.

Viambato vilivyothibitika kwa chunusi si vingi, na jambo la kutia moyo ni kwamba vya bei ya wastani vimo miongoni mwa vilivyo bora. Benzoili peroksaidi huua bakteria, nao hawaizoei kama wazoeavyo dawa za antibiotiki. Yapatikana kwa viwango vya asilimia 2.5, 5 na 10, na imeonekana kwamba kile cha asilimia 2.5 hupunguza chunusi za uvimbe karibu sawa na kile cha 10 huku kikiunguza kwa uchache zaidi, hivyo atoaye fedha nyingi kwa namba kubwa hununua ukavu na mawasho. Aitumiaye akumbuke kwamba hupausha nguo: foronya, taulo na kanga ya rangi huharibika. Asidi ya salisili, kwa kiwango cha asilimia 0.5 mpaka 2, huyeyuka katika mafuta na kuingia ndani ya tundu lililoziba, basi inamfaa zaidi mwenye vichwa vyeusi na vyeupe kuliko mwenye majipu ya usaha. Adapalini ya asilimia 0.1, ambayo ni ya ukoo wa vitamini A, huzuia tundu lisizibe tangu mwanzo, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili fedha ya kwanza ya mtu mwenye chunusi za kudumu. Lakini yataka subira na adabu. Hupakwa usiku, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, wala si juu ya kipele kimoja kimoja. Huanzwa kwa kuruka usiku mmoja au miwili mpaka ngozi izoee. Huleta ukavu na kubanduka katika majuma ya kwanza. Na haihukumiwi kabla ya majuma 12 kutimia. Mwanamke mjamzito, au atarajiaye kushika mimba karibuni, asiiguse, yeye wala jamaa zake wote wa vitamini A.

Kwa mama huyo, na kwa kila mwenye chunusi na madoa kwa pamoja, iko asidi ya azelaiki, ambayo kwa asilimia 15 au 20 hutuliza uvimbe na wakati huo huo huzipunguzia kasi seli za rangi zilizochokozwa, bila kuibadilisha ngozi nzima iliyo salama. Hutumiwa hata wakati wa mimba kwa ushauri wa daktari. Kasoro yake ni kuwa haipatikani kila duka, na ipatikanapo bei yake huwa juu. Niasinamidi, ambayo ni namna ya vitamini B3, ni ya upole zaidi na hupunguza safari ya chembe za rangi kutoka seli moja kwenda nyingine; asilimia 4 au 5 yatosha, na wenye kutangaza asilimia 10 au 20 hawaongezi manufaa kwa kadiri waongezayo mawasho. Vitamini C nayo yasifiwa sana kwa madoa, na sifa hizo si za uongo. Walakini ni kiambato dhaifu mbele ya hewa, mwanga na joto, na kichupa kilichokaa miezi juani katika kibanda cha sokoni Kariakoo au Marikiti, kikageuka rangi kutoka maji safi kuwa kahawia, hakina tena kile ulicholipia. Atakaye vitamini C anunue chupa ndogo yenye kioo cheusi, kutoka duka lenye kivuli, na aimalize upesi.

Wanaume nisiwasahau, kwa kuwa wengi wao hununua dawa za chunusi kwa ajili ya vipele vya kidevuni na shingoni ambavyo si chunusi. Hivyo ni vipele vya ndevu: unywele uliokatwa karibu mno hujipinda na kuichoma ngozi upya. Kuacha kunyoa kwa majuma kadhaa, au kunyoa kwa mashine iachayo unywele mfupi juu ya ngozi badala ya wembe, hufanya zaidi ya krimu yoyote. Vivyo hivyo msichana mwenye vipele vya pajini tu, mpakani mwa nywele, na ayachunguze kwanza mafuta anayopaka kichwani.

Nimefika mahali ambapo kalamu haiwezi kuwa baridi. Mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kujichubua ukorogwao sirini na kuuzwa katika makopo yasiyo na jina, au hata ulio na jina na picha ya mwanamke mweupe, hufanya kazi. Na hiyo ndiyo fitina yake. Ndani ya juma moja au mawili madoa hufifia, uso hung'aa, na watu husifu. Viambato vifanyavyo ajabu hiyo ni vitatu hasa. Cha kwanza ni steroidi kali, mathalani klobetasoli, ambayo ni miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote zipakwazo ngozini, nayo ina kazi yake njema mikononi mwa tabibu kwa maradhi maalumu na kwa siku zenye hesabu. Ikipakwa usoni kila siku kwa miezi huikondesha ngozi, ikatokeza mishipa midogo, ikaleta chunusi za namna yake, ikaificha na kuilisha fangasi, na hata kuingia damuni na kuzivuruga tezi za mwili. Cha pili ni hidrokwinoni, ambayo madaktari huitumia kwa uangalifu na kwa muda mfupi, lakini ambayo mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini walieleza jinsi matumizi yake ya muda mrefu yalivyowageuza wanawake mashavu kuwa na weusi wa samawati usiotoka, hali iitwayo okronosisi: dawa ya kuondoa weusi ikazaa weusi wa kudumu. Cha tatu ni zebaki, sumu ya figo na mishipa ya fahamu, ipitayo kutoka ngozi ya mama hadi kwa mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata, uliotiwa saini mwaka 2013 na kupewa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliangamizwa na sumu hiyo, uliweka kikomo cha miligramu 1 kwa kilo katika krimu za kung'arisha ngozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kukiondoa hata kikomo hicho, ili ifikapo mwaka 2025 kusiwe na kipodozi chochote kilichotiwa zebaki.

Basi mnunuzi afanye nini, maadamu wauzaji hawaandiki sumu hizi juu ya kopo? Azijue alama. Kopo lisilotaja viambato vyake, lisilo na jina la kiwanda wala nambari ya toleo, liachwe lilipo. Lenye kutaja zebaki kwa jina lolote, au herufi Hg, au lenye onyo kwamba lisigusane na dhahabu na fedha, ni la sumu dhahiri shahiri, kwa kuwa zebaki hushikamana na pete na bangili na kuziharibu. Krimu yenye ahadi ya kuleta weupe kwa siku saba, isipofanya hivyo, imekuibia fedha. Ikifanya hivyo, imekuibia siha. Tanzania Bara ukaguzi wa vipodozi umo mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019. Zanzibar ni kazi ya Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA. Kenya alama ya shirika la viwango la huko, KEBS, ndiyo ya kutafutwa. Alama huweza kughushiwa, ni kweli, lakini duka la dawa lenye kibali, linaloweza kukupa risiti na ambalo kesho utalikuta mahali pale pale, lina sababu ya kujihadhari ambayo mchuuzi wa njiani hana.

Kusoma lebo ni elimu ndogo yenye faida kubwa. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia, mpaka kufikia vile visivyotimia asilimia moja, ambavyo kiwanda huruhusiwa kuvipanga kipendavyo. Mara nyingi cha kwanza ni maji, na hapana ubaya. Ila itafute fenoksietanoli, dawa ya kuhifadhi ambayo kwa kanuni za Ulaya haizidi asilimia 1: chochote kilichoandikwa baada yake ni kidogo mno. Ukiona kopo limepambwa kwa picha ya asali, papai na waridi, kisha majina ya vitu hivyo yakawa mkiani baada ya fenoksietanoli na manukato, fahamu kwamba umeuziwa picha. Na mwenye ngozi nyepesi kuudhika achague kisicho na manukato, hata kama kitu chenyewe hakitamfurahisha puani. Manukato ni miongoni mwa sababu za kawaida za ngozi kukataa kipodozi.

Sasa bei. Wengi hulinganisha kopo na kopo, na hapo ndipo hesabu hupotea. Tuseme kichupa cha mililita 30 kinauzwa shilingi 45,000, na kingine cha mililita 100, chenye kiambato kile kile kwa kiwango kile kile, kinauzwa shilingi 60,000. Kwa macho cha kwanza ni rahisi. Kwa hesabu, mililita moja ya cha kwanza ni shilingi 1,500 na ya cha pili ni 600. Lakini hesabu haiishii hapo, kwani kama kiambato chenyewe ni kile cha vitamini C, na mtu mmoja hawezi kuzimaliza mililita 100 kabla hazijaharibika, kichupa kidogo hurudi kuwa bora. Kipimo ninachokipendelea mimi ni gharama ya muda wa tiba: dawa hii itanigharimu kiasi gani mpaka majuma 12 yatimie, ambapo nitaweza kusema imefaa au haikufaa? Tyubu ya adapalini ya gramu 30, kwa kipimo cha punje ya njegere kila usiku, huweza kuvuka majuma hayo yote; serumu ya kifahari ya bei mara tatu huisha kabla ya wakati wa kuhukumiwa, na mnunuzi hushindwa kununua ya pili, hivyo fedha yote ya kwanza huwa imemwagwa. Afadhali kitu cha wastani kinachoweza kuendelezwa kuliko kitu bora cha mwezi mmoja.

Kwa kipimo hicho hicho utaona kwamba sabuni ya uso haistahili fedha nyingi, kwa sababu hukaa usoni nusu dakika na kuoshwa. Ya kulainisha ngozi nayo haihitaji fahari. Gliserini, ambayo huvuta maji ngozini, ni ya bei ndogo kila mahali, ila ichanganywe na maji kidogo au ipakwe juu ya ngozi yenye unyevu. Mafuta ya mgando, ambayo Robert Chesebrough aliyawekea hataza Marekani mwaka 1872, yangali hata leo miongoni mwa vitu vizuiavyo maji yasitoke ngozini kwa nguvu kuliko vyote, na mwenye ngozi kavu ya miguu na mikono akiyapaka mara atokapo kuoga, kabla hajakauka, hatahitaji losheni ya kifahari. Mwenye visigino vilivyopasuka atafute krimu yenye yurea. Mafuta ya mti wa shea yatokayo kaskazini ya Uganda ni laini na mazuri kwa mwili. Mafuta ya nazi yafaa mwilini, hata kwa watoto wenye ngozi kavu. Kwa uso wenye mafuta na chunusi nayakataza, kwani huziba tundu.

Fedha iliyookolewa huko iende katika kinga ya jua, na hapa najua wasomaji wengi watashangaa, wakidhani rangi yetu yatutosha. Yatusaidia, tena sana, dhidi ya kuungua na saratani ya ngozi. Lakini haizuii madoa yasikolee, na mwenye melasma au madoa ya chunusi atumiaye dawa usiku na kutembea juani mchana bila kinga hubomoa mchana alichojenga usiku. Kinga yenye namba 30 huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi iunguzayo, na ile ya 50 huzuia kama asilimia 98, basi tofauti ya bei baina yao isikubabaishe. Kwa melasma yafaa zaidi kinga yenye rangi ya ngozi iliyotiwa oksidi ya chuma, kwa kuwa mwanga wa kawaida uonekanao nao hukoleza mabaka katika ngozi nyeusi, na oksidi hiyo huuzuia. Fauka ya hayo haiuachi uso na weupe wa majivu ambao oksidi ya zinki, iliyomo katika kinga nyingine za jua, huuacha. Kiasi ni mistari miwili ya krimu kwa urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo, na hurudiwa kila baada ya saa mbili kwa aliye juani. Kwa kipimo hicho chupa ya mililita 50 haivuki mwezi mmoja na nusu hata ikipakwa mara moja tu kwa siku. Basi ikidumu nusu mwaka, jua kwamba unapaka haba mno. Naam, ni ghali, na asiye na uwezo asidhani amefungiwa mlango: mwavuli, kofia pana, mtandio uliovutwa mbele na kutembea upande wa kivuli ni kinga halisi. Wenye ualbino wao hawana hiari katika jambo hili, kwao kinga ya jua ni uhai. Na ni fahari ya nchi yetu kwamba mafuta yaitwayo Kilisun hutengenezwa kwa ajili yao mjini Moshi, ambako katika hospitali ya KCMC, tangu mwaka 1992, kipo kituo cha kufundishia matabibu wa ngozi wa kanda hii.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa watupu katika elimu ya ngozi. Liwa, ule mti wa manukato, iliyosagwa juu ya jiwe la msio, singo ya bi harusi yenye mawaridi, karafuu na rehani, dalia na manjano, vyote vina jamala na harufu na ubaridi wake, na siku saba za kukandwa na somo humpa mwari mapumziko ambayo hakuna kopo liwezalo kumpa. Vitumiwe kwa mwili, kwa mkono mwepesi, na kwa ngozi isiyo na vipele. Lakini limao usoni, ambalo wengi hulisifu kwa madoa, nalikataza kwa nguvu zote: lina vitu ambavyo vikikutana na jua huunguza, ngozi ikatoka malengelenge na kubaki na weusi wa miezi. Dawa ya meno juu ya kipele nayo ni ya kuachwa.

Ukishachagua, anza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kipake kwanza nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko kwa siku kadhaa, na kisipoleta mwasho wala wekundu, kihamishie usoni. Kisha ngoja majuma kadhaa kabla ya kuongeza cha pili, ili jambo likiharibika ujue nani mwenye kosa. Kwa mtu mwenye chunusi na madoa na mfuko wa wastani ningependekeza vitu vinne tu: sabuni laini, dawa moja ya usiku, kilainishi kisicho na manukato, na kinga ya jua asubuhi. Piga picha ya uso mahali pamoja, kwa mwanga mmoja, kila baada ya mwezi, kwa sababu jicho lionalo uso ule ule kila siku husahau ulivyokuwa. Madoa ya juu hufifia kwa miezi. Yale yenye rangi ya kijivujivu, ambayo rangi yake imezama chini, huchukua muda mrefu zaidi, na mengine huhitaji daktari. Majipu makubwa yenye maumivu yaachayo mashimo hayangojewi hata majuma 12. Hayo yapelekwe hospitali mapema, maana kila juma la kuchelewa laweza kuacha kovu lisilofutika.

Neno la mwisho ni kwa yule ambaye kopo la mkorogo liko chumbani mwake sasa hivi. Likiwa halina alama za zebaki nilizozitaja, asiliache ghafla kwa hofu baada ya miezi ya kulitumia, kabla ya kumwona tabibu, kwani steroidi ikikatizwa ghafla ngozi huweza kuvimba, kuwaka na kutoa usaha kuliko mwanzo, na wengi huirudia kwa sababu hiyo tu. Wala asione haya kumweleza tabibu, ambaye ataweza kuipunguza nguvu hatua kwa hatua, na kupima mkojo ikiwa kuna shaka ya zebaki, hasa kwa mama anyonyeshaye. Kopo lenyewe lifungwe vizuri katika mfuko, liwekwe mbali na watoto na taulo za nyumba nzima, kisha alipeleke hospitali ili liangaliwe. Na lisichomwe jikoni wala jalalani, kwa kuwa zebaki ikipashwa moto hugeuka mvuke usioonekana, nao huvutwa na kila aliye karibu.